Sikio Linapolia "Pa": Vyanzo na Tiba ya Milio ya Ndani ya Sikio

Mhadhara kwa wakazi wa Ekero, Kaunti ya Kakamega

Mlio mfupi wa "pa" au "tik" unaosikika mtu anapomeza mate, anapopiga miayo au anapopenga kamasi, mara nyingi hautoki kwenye tundu la sikio. Hutoka kwenye mrija mwembamba unaounganisha sikio la kati na sehemu ya nyuma ya pua, pale juu ya koo. Kwa kawaida mrija huo umefumba. Unapofumbuka, kuta zake zenye unyevu huachana kama midomo iliyolowa, hewa kidogo hupita, kiwambo cha sikio husogea, na mlio husikika. Ndiyo sababu mwenye sikio linalolia aghalabu hutibiwa pua, na anayelichokonoa kwa njiti ya kiberiti anatafuta mahali pasipo na kitu.

Sikio lina sehemu tatu. Sikio la nje huanzia kwenye ndewe na kuishia kwenye kiwambo, ndani kiasi cha sentimita 2.5. Nyuma ya kiwambo kuna sikio la kati, chumba kidogo chenye hewa na vifupa vitatu, yaani nyundo, fuawe na kikuku, vinavyopokezana mtikisiko wa sauti. Sikio la ndani limejaa majimaji na ndilo linalogeuza mtikisiko kuwa habari ya neva. Chumba cha kati ndicho chenye kisa. Ngozi laini iliyokitanda hufyonza hewa iliyomo polepole, usiku na mchana, na hewa hiyo isipojazwa upya kiwambo huvutwa kwenda ndani, sauti zikafifia na mtu akahisi kwamba sikio limeziba. Kazi ya kujaza hewa ni ya ule mrija.

Mrija huo umebeba jina la Bartolomeo Eustachi, tabibu Mtaliano aliyeueleza kwa makini katika miaka ya 1560. Kwa mtu mzima una urefu wa milimita 36 hivi, nao umeinama kutoka sikioni kwenda kooni. Kwa mtoto mchanga urefu ni kama nusu ya huo na umelala karibu sawasawa, kwa hiyo kamasi na maziwa hupata njia nyepesi ya kwenda sikioni. Misuli inayoufungua ni ile ile inayoinua na kukaza kaakaa laini, ndiyo maana kumeza na kupiga miayo huufungua, lakini kutikisa kichwa au kuvuta ndewe hakuufungui.

Msafiri atokaye Mumias kwenda Nairobi huujua mrija huu hata kama hajawahi kusikia jina lake. Nchi ya Mumias na Ekero iko mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Basi likipita Kisumu hushuka hadi chini ya mita 1,200, kisha hupanda Kericho, yenye zaidi ya mita 2,000, na kuendelea juu zaidi hadi nyanda za Mau kabla ya kuteremkia Nakuru. Anayepitia Eldoret hukutana na Timboroa, ambako reli yenyewe inapita zaidi ya mita 2,700. Kadiri mtu anavyopanda, mgandamizo wa hewa ya nje hupungua. Timboroa hewa imepungukiwa na zaidi ya robo ya mgandamizo ilio nao Mombasa. Hewa iliyofungiwa ndani ya sikio la kati basi husukuma kiwambo kwenda nje, na ikizidi hujifungulia mrija yenyewe na kutoka. Hiyo ndiyo "pa" ya kupanda, na haimtaki mtu afanye lolote.

Kushuka ndiko kwenye taabu. Hewa ya nje sasa ina nguvu kuliko ya ndani, na badala ya kuufungua mrija huzidi kuufumba upande wa koo. Ni lazima misuli ifanye kazi. Abiria aliyelala hamezi mate mara nyingi, basi huamka kwenye mteremko masikio yakiwa yameziba. Mtoto mchanga hulia kwa maumivu, na kilio chenyewe, pamoja na kumeza kunakofuatana nacho, humsaidia kidogo. Mama aliyeanza kumnyonyesha kabla mteremko haujakolea hufanya vizuri kuliko anayengoja mtoto alie.

Kwenye ndege kanuni ni hiyo hiyo, ila kasi imezidi. Chumba cha abiria hutiwa hewa, lakini hakifikishwi mgandamizo wa pwani. Aghalabu huwa kama wa mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Kwa hiyo anayetua Mombasa hukabiliwa na badiliko kubwa kuliko anayetua Kisumu, ingawa safari zote mbili ni fupi. Mpiga mbizi wa Kwale au Pemba yuko hatarini zaidi ya hao wote: mita 10 za maji hutosha kuuzidisha maradufu mgandamizo, na maumivu huanza mita chache tu chini ya uso wa bahari. Mwenye mafua mazito hapaswi kupiga mbizi, na akiweza kuahirisha safari ya ndege, aahirishe.

Mlio unaodumu siku na wiki, mtu akiwa nyumbani kwake asipande wala asishuke, una sababu nyingine. Iliyo kubwa ni uvimbe wa ngozi ya ndani ya pua na ya mdomo wa mrija. Mafua huuleta kwa siku chache, na milio inaweza kubaki wiki mbili au tatu baada ya kamasi kukauka. Hilo si jambo la kutisha. Mzio huuleta kwa miezi. Katika eneo la miwa vichokozi havitafutwi mbali: vumbi la barabara linalompiga mwendeshaji wa bodaboda usoni, moshi wa mashamba yanayoungua, moshi wa viwanda vya sukari guru, na moshi wa kuni jikoni ambao humpata mwanamke na mtoto aliye mgongoni zaidi ya mtu mwingine yeyote katika nyumba. Sigara iko katika kundi hilo hilo. Wengine hupata uvimbe kwa sababu ya asidi ya tumbo inayopanda hadi kooni usiku. Kwa watoto, hasa wenye umri wa miaka mitatu hadi saba, tezi za nyuma ya pua huweza kukua hadi kuuziba mdomo wa mrija. Mtoto wa namna hiyo hulala kinywa wazi na kukoroma.

Mrija ukizibika muda mrefu, chumba cha kati hujaa majimaji. Mgonjwa husikia kububujika, au "tik-tik" anapoinama, na sauti za watu humfikia kwa mbali. Mtoto hasemi lolote. Huonekana tu haitiki anapoitwa, na mwalimu humwandika mtukutu. Majimaji hayo kwa watoto wengi hukauka yenyewe ndani ya miezi 3, kwa hiyo daktari mwenye busara hungoja na kupima tena kabla ya kupasua. Yasipokauka na usikivu ukawa umepungua, hutobolewa kiwambo na kuwekwa kibomba kidogo cha kupitisha hewa, na pengine tezi zikaondolewa.

Tiba ya mrija uliovimba huanza na mambo madogo. Kumeza, kupiga miayo na kutafuna ndiyo dawa ya kwanza. Wanaouza peremende uwanjani wanajua hivyo, na kipande cha muwa kinatosha vilevile, kwa kuwa kinaleta mate mengi na mate humezwa. Njia ya pili ni kubana pua kwa vidole, kufumba mdomo na kupuliza polepole hadi masikio yafunguke. Inaitwa kwa jina la Antonio Valsalva, aliyechapisha kitabu chake juu ya sikio mwaka 1704. Yapasa kupuliza kwa upole na kwa sekunde chache. Kupuliza kwa nguvu kunaweza kuliumiza sikio la ndani, na mwenye kamasi la usaha huweza kulisukuma hadi kwenye chumba cha kati. Njia salama zaidi ni ya Joseph Toynbee, daktari wa London wa karne ya 19: mtu hubana pua na kumeza mate, basi.

Pua yenyewe huoshwa kwa maji ya chumvi. Karibu nusu ya kijiko cha chai cha chumvi hutiwa katika mililita 250 za maji yaliyochemshwa yakapoa; maji ya mtoni au ya kisima yasiyochemshwa hayafai kupandishwa puani hata kidogo. Mwenye mzio husaidiwa na vidonge vya mzio au na dawa ya steroidi ya kupuliza puani, ambayo huhitaji siku nyingi kabla ya kuonyesha nguvu na hukataliwa mapema na wagonjwa kwa sababu hiyo. Matone ya kuzibua pua, kama yale ya zailometazolini, ni ya haraka na ndiyo yanayopendwa, lakini yakitumika zaidi ya siku 5 pua huzoea na kuziba kuliko mwanzo, na hayafai kwa watoto wadogo bila agizo. Antibiotiki haina kazi katika sikio linalolia tu. Ni kosa la kila siku katika maduka ya dawa kumpa mtu amoksilini kwa sababu masikio yamelia "pa" akiwa na mafua.

Kuna watu wachache ambao tatizo lao ni kinyume: mrija haufumbi. Hao husikia pumzi zao wenyewe na sauti yao ikivuma ndani ya kichwa, na hupata nafuu wanapolala chali. Hali hiyo hufuata kukonda kwa ghafla, kwa kuwa mafuta yaliyouzunguka mrija yamekwisha, na huonekana pia kwa wajawazito. Dawa za kuzibua pua huwazidishia. Wanachohitaji ni maji ya kutosha mwilini na kurejesha uzito.

Tundu la sikio lenyewe nalo lina milio yake. Nta ikikauka na kugusa kiwambo, au unywele ukianguka ndani, mtu husikia mkwaruzo kila anapotafuna. Nta si uchafu. Ni kinga dhidi ya maji, vumbi na wadudu, nayo hutoka yenyewe kwa mwendo wa taya. Hugandamana kwa sababu ya kusukumwa: pamba ya kijiti, njiti ya kiberiti, ufunguo, kifuniko cha kalamu, unyoya wa kuku. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1992 kwa watoto 5,368 wa shule za msingi katika wilaya ya Kiambu ulikuta nta imeziba masikio ya asilimia 8.6 kati yao. Asilimia 5.6 walikuwa na upungufu wa kusikia, na asilimia 1.1 walikuwa na usaha wa muda mrefu. Tatizo la kawaida kuliko yote, basi, lilikuwa lile lililo rahisi kuliko yote kutibu. Matone machache ya mafuta safi ya zeituni kwa siku kadhaa huilainisha nta, na isipotoka muuguzi huisafisha kwa bomba la maji yenye joto la mwili. Maji baridi huleta kizunguzungu. Sikio lililotoboka au linalotoa usaha halitiwi mafuta wala maji.

Mdudu aliyeingia sikioni huleta mlio wa aina yake, wa kukwaruza na kupapatika, tena wenye maumivu makali. Huuawa kwanza kwa mafuta ya kupikia yaliyopoa, mtu akiwa amelaza kichwa upande, kisha hutolewa na mhudumu wa afya. Kumfuata mdudu aliye hai kwa kibano ni kumtuma kwenye kiwambo.

Chanzo kingine hakimo sikioni wala puani. Kiungo cha taya kiko sentimita chache tu mbele ya tundu la sikio, na ndani yake kuna kisahani cha gegedu. Kisahani kikiteleza, mdomo unapofunguka hutoa "ka", na mwenyewe huapa kwamba sauti imetoka sikioni. Kupima ni rahisi: ncha ya kidole huwekwa mbele ya sikio huku mdomo ukifunguka na kufumba, na mlio wa taya hupapaswa kwa kidole hicho. Wanaosaga meno usingizini, waliong'olewa magego upande mmoja na watafunaji wa vitu vigumu ndio wanaopatwa zaidi. Hapa muwa ulioufaa mrija unageuka kuwa adui, pamoja na mahindi ya kuchoma na njugu kavu. Tiba ni chakula laini kwa wiki kadhaa, kitambaa cha moto, kuacha kupanua mdomo kupita kiasi na dawa ya kawaida ya maumivu. Daktari wa meno huweza kutengeneza kinga ya kuvaliwa usiku. Taya inayolia bila kuuma wala kukwama huachwa kama ilivyo.

Mlio ulio nadra, na ulio wa ajabu, ni ule unaojirudia wenyewe kwa mpigo, "tik, tik, tik", mara nyingi kwa dakika, bila kumeza wala kutafuna. Huo hutokana na mishtuko ya misuli midogo ya sikio la kati au ya kaakaa laini. Ule wa kaakaa huweza kusikika na mtu aliyekaa karibu, na kilimi huonekana kikirukaruka mgonjwa anapofunua kinywa. Uchovu na wasiwasi huuchochea mtikisiko wa misuli ya sikio, na kwa wengi hukoma wenyewe. Ule wa kaakaa unaoendelea wataka uchunguzi wa ubongo, kwa maana mara nyingine hutokana na jeraha au ugonjwa wa shina la ubongo. Dawa za kutuliza misuli, sindano ya botulinumu na, mwisho kabisa, kukata kano za misuli ya sikio ni kazi za wataalamu wa hospitali kubwa.

Yapasa pia kutenga milio hii na ile isiyo "pa" wala "tik". Kuvuma au kupiga mluzi kusikokoma mara nyingi ni jambo la sikio la ndani au la neva ya kusikia. Katika nchi yenye malaria kama magharibi mwa Kenya, wazee wanakumbuka jinsi kwinini ilivyovumisha masikio. Mvumo huo huisha dawa ikiisha. Madhara ya jentamaisini, na ya streptomaisini iliyotumika sana kwa kifua kikuu, mara nyingi hayaishi. Wala hayaishi madhara ya kelele: aliyefanya kazi miaka mingi karibu na mitambo ya kusaga miwa bila kinga ya masikio, au anayeketi mbele ya spika za matanga kila mwisho wa wiki, hupoteza usikivu kwa kweli. Mvumo unaopiga sambamba na moyo huhusu mishipa ya damu, na hupimwa pamoja na shinikizo la damu.

Sikio linalopuliza hewa au kutoa mapovu mtu anapopenga kamasi lina kiwambo kilichotoboka. Likitoa usaha kwa wiki kadhaa, si la kusubiriwa, na hapa Kenya imeifundisha dunia. Katika jaribio lililochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1996, watoto 524 wa shule za Kiambu wenye usaha wa muda mrefu waligawanywa katika makundi. Baada ya wiki 16, masikio yaliyokaushwa kwa pamba tu yalikuwa yamepona kwa asilimia 22, sawa kabisa na yale ambayo hayakutibiwa. Yaliyokaushwa na kupewa antibiotiki na steroidi yalipona kwa asilimia 51. Kukausha peke yake, walikokuwa wakiambiwa wazazi wengi wa vijijini, hakukuwa tiba.

Kwa mtu mzima, majimaji yaliyojaa sikio moja tu bila mafua ya kueleweka ni lazima yamfanye daktari achungulie nyuma ya pua. Saratani ya sehemu hiyo huanza kwa dalili hiyo hiyo ndogo. Katika miaka ya 1960 daktari mpasuaji Peter Clifford, akiwa Nairobi, alieleza jinsi ilivyoonekana zaidi kwa watu wa nyanda za juu za Kenya, na moshi wa nyumba zisizo na dohani ukawa miongoni mwa vitu vilivyoshukiwa. Leo inajulikana kwamba virusi vya Epstein-Barr vina sehemu kubwa. Uvimbe wa shingo unaofuatana na sikio lililoziba, au damu katika kamasi, haustahimili miezi ya matone ya pua.

Kusikia kukipotea ghafla katika sikio moja, hilo ni jambo la dharura. Tiba ya steroidi huhitajika ndani ya siku chache, na kila siku inayopita hupunguza matumaini. Kizunguzungu kikali, maumivu yenye homa, usaha, uvimbe nyuma ya sikio na mdomo kwenda upande pia ni sababu za kuondoka nyumbani siku hiyo hiyo. Mkazi wa Ekero hana safari ndefu: Hospitali ya St. Mary's iko Mumias, na wa kupelekwa mbele hupelekwa Hospitali Kuu ya Rufaa ya Kakamega. Tena si lazima kumngoja daktari bingwa, kwani Kenya kwa miaka mingi imewafundisha maafisa wa kliniki waliobobea katika masikio, pua na koo, na wao ndio wanaotibu sehemu kubwa ya wagonjwa hao nje ya Nairobi.

Anayekwenda kliniki aeleze kama mlio unafuatana na kumeza, na taya, na mapigo ya moyo, au haufuatani na chochote. Kama uko sikio moja au yote mawili. Na ulianza lini. Dawa zote alizokwisha kutumia, hata matone aliyouziwa sokoni bila jina, azichukue aende nazo.